Kushusha Karai la Sukari Nguru

Mmenunua mtambo wa kukamua miwa. Nimeusikia ukinguruma kutoka hapa nyumbani, na juzi mmoja wenu alikuja kuniuliza kama ni kweli nilifanya kazi kwenye banda la sukari nguru zamani. Nikasema ndiyo, nikavuta kiti, nikaanza kueleza, na mama yake akamwita kabla sijafika popote. Basi nimeandika. Msome mkiwa mmekaa, na yule mwenye kipimajoto asicheke kabla hajamaliza.

Kwanza hicho kipimajoto. Msidhani nitakisema vibaya. Ningekuwa nacho wakati ule ningekivaa shingoni kama rozari. Nilikuwa msichana wa wasiwasi. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma nione kama umefungwa kweli. Nikiosha sufuria, naiosha tena kwa sababu labda mara ya kwanza sikuwa makini. Mtu wa namna hiyo hafai kupika kitu kinachoharibika wakati unaendelea kukikagua. Na mimi, katika kazi zote za dunia, nilipenda hiyo.

Banda lenyewe lilikuwa chini ya Bahati, ukishuka kuelekea Solai, pale ambapo kunaanza kuwa na joto na muwa unakuwa mtamu. Shamba lilikuwa la mzungu, akaondoka, likachukuliwa na familia ya Kalasinga, Wahindi wa vilemba, waliokuwa na duka mjini Nakuru. Mwenyewe tulimwita Sardar. Kulikuwa na injini ya dizeli ya kukamulia, tanuri la matofali, paa la mabati lililokuwa jeusi kwa moshi, na karai moja kubwa la chuma ambalo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake.

Kwa wale ambao bado hawajajaribu: maji ya miwa yanachujwa kwa gunia safi, yanamwagwa karaini, yanachemshwa. Taka zinapanda juu na unaziengua kwa upawa wenye matundu. Maji yanapungua. Povu linaanza likiwa jeupe na kubwa kama la sabuni, halafu linakuwa dogo, la rangi ya dhahabu, linapasuka polepole kama uji mzito. Kisha inafika mahali fulani, na hapo karai lazima litoke motoni mara moja. Likitoka mapema, sukari haigandi, inabaki asali. Likichelewa, inaungua, inakuwa chungu, na hata ng'ombe ukimpa anakutazama tu. Kati ya mapema na kuchelewa pana nafasi ya kupiga chafya.

Aliyepajua mahali hapo ni mpishi wetu, Mzee Oduor, aliyetoka upande wa ziwa ambako miwa ni mingi. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na neno moja la kazi, la kuwaambia wanaume wapitishe miti kwenye masikio ya karai na kulishusha. Ulimi wake haukupenda "sh", kwa hiyo alisema "Susa!" Sote tukalichukua neno hilo kama lilivyo. Wakikuyu tulisema susa, Wakalenjin walisema susa. Hata Sardar, akiwa mjini anamwambia dereva ashushe magunia mbele ya duka, alisema susa, na wateja wake wakadhani ni Kipunjabi.

Mimi sikuajiriwa kupika. Niliajiriwa kuanika makapi. Miwa ikishakamuliwa, makapi yanatandazwa juani yakauke ndipo yawe kuni. Ni kazi inayoonekana nyepesi. Lakini makapi makavu yana vumbi laini, linaingia kifuani na halitoki. Msimu wa pili nilikuwa nakohoa nikiwa nimelala, nakohoa nikicheka, nakohoa nikisali. Mama akaniambia, "Ama utafute kazi nyingine pale, ama ukae nyumbani. Mimi sitazika mtoto kwa sababu ya majani ya miwa." Kazi nyingine pale, kwa mwanamke, ilikuwa moja tu, kupika, nayo ilikuwa na mwenyewe, Mzee Oduor.

Nikaanza kujifunza kwa macho. Nilianika makapi karibu na mlango hata pale ambapo jua halikufika vizuri. Jioni nilirudi nyumbani na vipande vya miwa, nikavitwanga kwenye kinu cha mama, nikakamua kwa kitambaa, nikapika kwenye sufuria. Mara ya kwanza mwiko ulisimama wima ukakataa kutoka. Mara ya pili ndugu yangu mdogo alitafuna kipande, kikaondoka na jino. Lilikuwa jino la utoto, lilikuwa linalegea hata hivyo, lakini mama hakutaka kusikia habari ya kulegea.

"Sufuria yangu iko wapi?" aliuliza kila jioni, hata kabla ya kunisalimia.

Kwa sufuria hiyo nilijifunza jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Sukari haiachi kuiva unapoitoa motoni. Chuma kina joto lake. Ukiipua ikiwa sawasawa kabisa, inaendelea yenyewe mpaka inapita. Lazima uitoe ikiwa karibu, ikiwa bado ina kasoro kidogo, halafu chombo chenyewe kiimalizie. Nililijua hilo kwa kichwa. Kulitenda ni kitu kingine, kwa msichana anayerudi kusukuma mlango.

Mzee Oduor aliniona. Siku moja, bila kugeuka, akasema, "Wewe nyar Bahati, hayo makapi yako hayakauki hapo kwenye kivuli." Nyar Bahati ndilo jina alilonipa, msichana wa Bahati. Nikaona nimekwisha. Kumbe ananipa upawa. "Engua taka. Usiguse kitu kingine."

Kuanzia hapo nilikuwa naanika asubuhi na kuengua taka mchana. Nisiguse kitu kingine? Niligusa vyote. Ngojeni niwaambie habari ya chokaa na bamia, maana nimeona mmoja wenu amebeba mfuko wa chokaa na uso wa mtu anayefikiri ikizidi ndivyo vizuri.

Maji ya miwa yana uchachu. Unatia maji ya chokaa kidogo, yanatulia, taka zinajikusanya. Sasa mimi nilitaka maji yawe safi kabisa, yaangaze kama kioo, kwa hiyo siku moja Mzee Oduor alipotoka nikaongeza. Halafu nikaongeza tena, nihakikishe. Rangi ikawa kama ya chai ya jana. Sukari iligandishwa, ikakatwa, na kipande kikapelekwa kwa mama yake Sardar, tuliyemwita Mama Mkubwa, ambaye alionja kila karai. Alitafuna kidogo, akakitazama, akauliza, "Leo nani napaka ukuta?"

Yeye ndiye aliyeleta mashina ya bamia kutoka bustani yake. Unayaponda, unayaloweka, yanatoa ute, ute huo ukimwagwa karaini unabeba taka zote juu kama blanketi. Ni kitu kizuri sana. Mimi, nisiyekoma, niliweka ute mara mbili ya kawaida. Povu likapanda, likapanda, likavuka ukingo, likamiminika hadi kwenye viatu vya wanaume. Mzee Oduor hakupiga kelele. Alichukua kipande cha jani la mgomba chenye matone ya mafuta ya kupikia, akayadondosha katikati, na povu likaanguka kama mtu aliyesikia habari mbaya. "Mafuta kidogo," akasema. "Na wewe pia, kidogo." Mpaka leo sijui kama alimaanisha nitie mafuta kidogo au nijipunguze mimi mwenyewe. Nadhani yote mawili.

Mambo mengine niyaseme hapahapa nisije nikasahau. Msipike miwa iliyokatwa jana. Mtambo uoshwe kila jioni, si asubuhi, maana maji yanayolala kwenye meno yake yanachacha na kuharibu karai la kwanza lote. Miwa iliyolala chini na ile iliyomea karibu na boma la ng'ombe inatoa sukari laini yenye chumvi. Masanduku ya kumwagia yaloweshwe kwanza, la sivyo mtavunja mbao mkitafuta sukari. Na msiwaruhusu nyuki kuwatisha. Wanakuja kula, hawakuja kwenu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ndugu yake Mzee Oduor alifariki, boma la kwao likabaki bila mwanamume, naye akaamua kurudi nyumbani moja kwa moja. Aliondoka na gunia la nguo na donge kubwa la sukari ya kuwapa watu. Miwa ilikuwa shambani imeiva, haiwezi kungoja. Sardar akasimama mlangoni, mikono nyuma, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani najua kupika?"

Wanaume wakaniangalia mimi. Sikuinua mkono. Njuguna, mmoja wa wabebaji wa karai, ndiye aliyesema, "Huyu dada anapika hata akiwa amelala. Tumemwona mdomo ukitembea."

"Haya," Sardar akasema. "Wewe napika kesho. Kama nagandisha, upawa ni yako. Kama naharibika, mimi naleta fundi ya Kisumu, wewe narudi kwa makapi. Hapana kasirika."

Sikukasirika. Nilienda kukagua kama karai ni safi, nikatoka, nikarudi kulikagua tena.

Asubuhi nilikuwa na kila kitu tayari. Chokaa kidogo, bamia kidogo, mafuta kwenye jani, bakuli la maji baridi la kujaribia. Nilichosahau ni mtu.

Mtu huyo ni Mzee Koech, mchochea moto. Alikaa shimoni upande wa pili wa ukuta wa tanuri. Yeye halioni karai, na wewe humwoni yeye. Mzee Oduor alizungumza naye kwa upawa. Akigonga ukingo wa karai, Koech anaongeza makapi. Akiukwaruza, Koech anaacha. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote, na sidhani kama waliwahi kubishana. Mimi nilizijua hizo sauti. Lakini Koech alikuwa rika la baba yangu. Nimgongee chuma mzee kama huyo, kama mtu anayemwita mbwa aje kula? Mkono ulikataa. Nikaamua kwamba mimi nitaongea naye kwa mdomo, kwa heshima.

Karai likachemka vizuri. Nikaengua taka. Nikasikia sauti kutoka shimoni.

"Mama, bado?"

Nikajua anauliza kama sukari bado haijaiva. "Bado, mzee!"

Baadaye kidogo tena, "Bado?"

"Bado, mzee wangu, bado kidogo!"

Povu likaanza kulala. Nikakoroga kwa nguvu zaidi, nikidhani ni mimi. Rangi ikaanza kugeuka nyekundu. Maji yalikuwa hayachemki, yanahemahema tu kama mgonjwa.

"Bado?"

"Bado!" nilisema, na sauti ilikuwa karibu na kilio.

Nikaacha upawa, nikazunguka ukuta. Mzee Koech alikuwa ameketi juu ya rundo la makapi makavu, mikono magotini, ametulia. Ndani ya tanuri kulikuwa na majivu na makaa mekundu machache.

"Mzee, moto uko wapi?"

"Moto?" akaniangalia. "Si ni wewe umesema bado? Mimi nauliza niweke makapi, wewe unasema bado. Nauliza tena, unasema bado kidogo. Nikasema, haya, vijana wanapika kwa njia yao ya kisasa."

Tulikoka moto upya lakini sukari ilikuwa imekwisha kuchoka. Ikipikwa polepole hivyo haigandi tena, hata umwombe nani. Tukaimwaga kwenye masanduku kwa sababu hapakuwa na pa kuimwaga kwingine. Kesho yake asubuhi nilipoinamisha sanduku, ilisogea kwenda upande mmoja, ikasimama, ikarudi. Njuguna akachovya mkate. "Leo ni supu," akasema. "Supu tamu, lakini supu."

Sardar alitazama masanduku yote mpaka la mwisho. Nikasema yote. Nilimweleza habari ya bado, na heshima, na moto, na jinsi ambavyo ningepaswa kujua. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipungue.

"Leo mara moja tena," akasema. "Halafu mimi natuma dereva Kisumu."

Nilishuka shimoni kwa Mzee Koech kabla injini haijawashwa. Nikamsalimia, nikachuchumaa, nikaanza kumzungukia kwa maneno. Kwamba yeye ni kama baba. Kwamba sipendi aone kama namdharau. Kwamba kama hatajali sana, na kama ni sawa kwake, pengine leo ningemgongea.

"Gonga!" akasema. "Gonga kabisa! Mimi nimegongewa mpaka masikio imezoea. Wewe ukiongea, mimi naanza kufikiria. Mtu ya moto hapana taka kufikiria."

Nikagonga. Mara ya kwanza kwa aibu, upawa ukasikika kama mtu anayebisha hodi kanisani. Nikagonga tena vizuri, na moto ukanguruma chini ya miguu yangu mpaka nikaruka. Tukaendelea hivyo, yeye na mimi, nikigonga na kukwaruza, na nikaona kwamba zile sauti hazikuwa na dharau hata kidogo. Zilikuwa fupi tu.

Maji yakapungua. Povu likawa dogo, likawa la dhahabu. Wanaume wakaja na miti yao wakasimama. Nikadondosha sukari kwenye maji baridi, nikaikusanya kwa vidole, ikawa kidonge. Mzee Oduor alikuwa akikirusha kidonge hicho kwenye ukingo wa karai na kusikiliza. Nikarusha. Kikalia "tik". Lakini hakikulia kama chake. Chake kilikuwa kikavu zaidi, au niliota hivyo. Nikachota tena.

"Dada," Njuguna akasema, "tushushe ama tukae tukule?"

Nikarusha cha pili. Tik. Karibu sana. Kasoro kidogo. Na hapo, vijana, ndipo nilipopigana na mwili wangu mwenyewe. Kila kitu ndani yangu kilitaka kidonge cha tatu. Nilikuwa nimeshainua upawa kukichota. Nikaona povu linaanza kujikunja pembeni, pale chuma kinapokuwa moto zaidi, na nikajua kwamba kidonge cha tatu kingelia sawasawa kabisa, na kwamba kwa sababu hiyohiyo kingekuwa kimechelewa.

Nikafungua mdomo. Neno halikutoka. Nikakohoa, wanaume wakadhani nimesema, wakainama, wakasita.

"Susa!" nikapiga kelele. "Susa, susa, susa!"

"Moja inatosha!" Njuguna akajibu, na karai lilikuwa tayari hewani.

Walilitua chini, nikakoroga, na sikumtazama mtu. Iling'aa, halafu mng'ao ukafifia. Ikawa nzito mkononi. Tukaimwaga kwenye masanduku, ikajaza pembe, na baada ya hapo hakuna la kufanya ila kusubiri. Nilisubiri vibaya sana. Niligusa sanduku la kwanza nikaacha alama ya kidole, nikajilaumu kwa alama hiyo mpaka mchana. Mzee Koech alitoka shimoni, akakaa kando yangu, akanywa chai yake, na akafanya jambo jema kuliko yote aliyoweza kufanya. Hakuniuliza kitu.

Jua lilipogeuka Sardar akaja. Hakusalimu. Alichukua sanduku la kwanza, akalipindua juu ya meza, akaligonga kwa ngumi. Donge likatoka zima, likaanguka mezani kwa kishindo, na pembe zake zote zilikuwa pembe. Akalivunja kwa nyundo. Likavunjika kwa mpasuko safi. Akatia kipande mdomoni.

Sikuweza kungoja. "Rangi imezidi kidogo upande huu," nikamwambia. "Na hapa kuna taka kidogo imebaki, nimeiona. Na hii alama ya kidole ni mimi, niliigusa kabla haijakauka, na nadhani ningechelewesha kidogo tu ingekuwa—"

"Wewe," akasema, bado anatafuna, "nyamaza. Kesho sisi nakata miwa ya mtoni. Ile maji mingi, nasumbua sana kupika. Oduor mwenyewe alikuwa natukana ile. Kuja mapema."

Akatia kipande kingine mfukoni, akaenda zake.

"Amesema nini?" Mzee Koech akauliza, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama tu.

"Amesema kesho miwa ya mtoni."

"Ah! Basi kaa chini, mama. Umesimama tangu asubuhi."

Nilikaa palepale, kwenye sakafu iliyomwagikiwa sukari ya siku mbili, nikaegemeza mgongo kwenye karai lililokuwa bado na joto, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale sikuwa na kitu cha kwenda kukagua. Nilipotaka kuinuka nikagundua sketi imegandia sakafuni. Njuguna alishika mkono mmoja, Koech mwingine, wakavuta, na mimi nilikuwa nacheka kiasi kwamba sikuwa na nguvu ya kuwasaidia.